Kichuguu cha Msabah

Watu wa Malindi, mtaa wa Unguja mjini, wakimtaja Msabah Khatib huanza na bega. Watakwambia bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto, kama mizani ya muuzaji asiyemcha Mungu, na kwamba ukimkuta barazani baada ya Alasiri utamwona akilikanda mwenyewe kwa mafuta ya karafuu huku akijifanya anasikiliza mazungumzo. Wageni hudhani ni bega la magunia ya bandarini. Sivyo hata kidogo. Bega lile limechakaa kwa mchezo ambao nusu ya mtaa wake hawajui jina lake, na nusu ya pili wanalijua jina lakini bado wanauliza kama si kriketi.

Ni besiboli. Kwa miaka kumi na mitano Msabah alikuwa mrushaji wa timu ya Unguja, na katika miaka yote hiyo alitaka kitu kimoja tu: kuanza mchezo na kuumaliza mwenyewe, kwa mkono wake huohuo, bila ya kutolewa. Asiyeujua mchezo huu ataona ni jambo dogo. Basi na ajue kwamba mrushaji husimama katikati ya uwanja, juu ya kijilima cha udongo ambacho wachezaji wetu wanakiita kichuguu, na kila kitu huanzia mkononi mwake. Mbele yake yupo mpigaji mwenye gongo, na nyuma ya mpigaji amechutama mdakaji mwenye glavu. Mpira ukipita sawasawa, mpigaji ana kazi ya kufanya. Ukimpiga mpigaji mwilini, huyo hupewa besi ya bure, yaani kituo cha kwanza kati ya vitatu anavyovizunguka mpaka arudi nyumbani kufunga pointi, na kwenda kusimama pale akijipangusa. Ukiwapiga wengi, mwalimu wako anakuja mpaka kichuguuni, ananyoosha kiganja, unampa mpira, unatoka mbele ya watu. Msabah alikijua kiganja cha mwalimu wake kuliko alivyokijua chake.

Chanzo cha balaa kilikuwa kijijini kwao Uroa, na mwenye balaa alikuwa mwanamke.

Baba yao alifariki Msabah akiwa na miaka mitatu, akabaki mwanamume peke yake katika nyumba ya mama na dada wanne. Mkubwa wao, Wanu, alikuwa bingwa wa rede. Hakuna mtu aliyelelewa na dada zake asiyeijua rede: wasichana wawili husimama mbalimbali, kila mmoja upande wake, na mpira wa matambara uliofungwa ndani ya soksi, wenzao huingia kati, na huku wakijaza mchanga kwenye chupa huruka, huinama na kujikunja wasipigwe. Ukipigwa umetoka. Wanu alikuwa na mkono wa kuogopwa. Wenzake walikuwa wakiingia kati wakisoma dua, na yeye mwenyewe alikuwa hana dogo wala kubwa, anakupiga hata kama wewe ni mgeni uliyeletwa kwa posa ya jirani.

Msabah alicheza na dada zake kwa sababu hakuwa na wa kucheza naye mwengine, kisha akacheza kwa sababu aliipenda. Wavulana wenzake walimwita Bi Msabah. Alilia siku ya kwanza, siku ya pili akarudi kucheza. Alipofika miaka kumi na miwili hakuna msichana wa Uroa aliyetaka kuingia kati akiwa Msabah yuko upande mmoja na Wanu upande wa pili. Dada yake alimfundisha mambo mawili. La kwanza, umtazame mtu, usitazame mpira: tazama kiuno, kwa sababu miguu hudanganya, macho hudanganya, kiuno hakidanganyi. La pili lilikuwa sheria ya uwanja wao. Pakitokea ubishi, huyu anasema umenigusa kidogo na yule anasema haukumgusa kabisa, anayeulizwa ni aliyerusha. Wanu alisema mpira ni wa aliyerusha, ameusindikiza kwa macho na masikio, anaijua sauti ya nguo na sauti ya mchanga. Na akisema uongo, harushi tena. Watoto wengine wa kijiji walikuwa na sheria zao, lakini kwa kina Wanu ilikuwa hivyo, na hakuna aliyethubutu kuleta nyengine.

Wanu aliolewa na mtu wa Malindi, na Msabah, mwenye miaka ishirini na moja, akamfuata mjini kutafuta kazi. Akaipata kwenye boti ya abiria iendayo Dar es Salaam. Kazi yake ilikuwa kamba. Boti inapokaribia gati, baharia mmoja hurusha kamba nyembamba yenye fundo zito mwishoni, aliye gatini huidaka, na kwa hiyo nyembamba huvutwa ile nene ya kufungia. Warushaji wengi hurusha mara mbili tatu, na wa gatini hukimbia huku na huko kama anayemfukuza kuku. Msabah alirusha mara moja. Fundo lilikuwa likianguka miguuni pa mtu, naye anainama tu na kuliokota.

Siku moja ya msimu wa Kusi, upepo ukipiga mpaka kofia za watu zinashikiliwa, alikuwemo botini mzee mmoja mfupi mwenye miwani, Mwalimu Abdulwahid. Aliitazama kamba ile ikiruka, akaitazama ikitua, akawaacha abiria wenzake wateremke na mizigo yao, akamwendea Msabah. Msabah alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akaulizwa kama amewahi kucheza mchezo wowote wa kurusha mpira.

“Naam, Mwalimu.”

“Upi?”

Msabah aliona haya kusema rede. Alijibu kuwa ni mpira wa kawaida tu wa shamba, na Mwalimu akamwambia aje viwanja vya Maisara siku ya Ijumaa.

Huyu Mwalimu Abdulwahid alipelekwa Kuba ujanani kusomea kilimo cha miwa. Alikaa huko miaka saba, akarudi na shahada ambayo haikumpatia hata shamba la miwa, glavu moja ya ngozi, na Kispanyola kizuri asichokuwa na wa kuzungumza naye. Akawa mwalimu wa skuli. Lakini moyo wake aliuacha katika mji mdogo wenye kiwanda cha sukari, kwenye benchi la mzee mmoja aliyeitwa Leoncio, ambaye zamani, katika miaka ya hamsini, aliishi kwa mkono wake. Majira ya baridi Leoncio alirusha mpira kwao na watu wakalipa kiingilio kumtazama. Majira ya joto alikwenda kurusha Meksiko, na baadaye katika vimiji vya Marekani ambako alishangiliwa uwanjani mchana, na jioni akalala ndani ya basi kwa kuwa nyumba za wageni hazikupokea watu wa rangi yake. Alicheza hivyo miaka ishirini na mbili. Mwalimu alipomkuta alikuwa mlinzi wa lango la kiwanda, vidole vyake vimepinda, na kitu alichojivunia hakikuwa michezo aliyoshinda. Alikuwa akisema: mrushaji ni yule anayemaliza alichokianza, wengine wote ni wageni waliopita kichuguuni.

Maneno haya Mwalimu aliwaambia wachezaji wake kila mwaka, na kila mwaka wao waliyasikia kama watu wanavyosikia hotuba. Aliyeyashika alikuwa mmoja tu.

Lakini nisiruke. Ijumaa ile ya kwanza Maisara Msabah alipewa mpira mgumu wa ngozi, akaelekezwa kichuguu, akaambiwa arushe. Aliinua mkono, akatazama kiuno cha mpigaji, akauachia. Mpira ulimpiga yule maskini ubavuni, akaanguka chini na kupiga uyowe. Na Msabah, Mungu amsamehe, akainua mikono yote miwili juu akashangilia.

Mwalimu alimsogelea na kumuuliza anashangilia nini.

“Nimempata,” akasema Msabah.

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabarani. Ilibidi aeleze, na alipoeleza ikajulikana kuwa mrushaji mpya wa Unguja amejifunza kwenye rede ya dada zake. Jina la Nimempata likamganda kuanzia siku hiyo. Mwengine angeshika njia akarudi kwenye kamba zake. Msabah alirudi Ijumaa iliyofuata, na ya pili yake, na ya tatu. Hata rede aliijua kwa kuchekwa, kuchekwa hakukumtisha tena.

Mkono alikuwa nao, hilo lilikubalika. Alirusha mpira ukalia hewani. Tatizo ni kwamba mkono wenyewe ulikuwa na akili yake. Akiwa mazoezini, pasi na mpigaji, alitia mpira kwenye glavu mara hamsini kwa hamsini. Akisimama mtu mbele yake, jicho linamwendea yule mtu lenyewe, na mpira unalifuata jicho. Aliwapiga wapigaji wa Pemba, wa Dar, wa Tanga, na mmoja aliyekuja kujaribu tu na wala hakuwa mchezaji. Akifika kipindi cha tatu au cha nne, Mwalimu anainuka kwenye benchi, anajipangusa suruali, anakuja na kiganja chake. Msabah alikuwa akiona haya mpaka masikio yanamuwaka. Kisha nyumbani anakula, analala, na asubuhi anarudi kurusha mpira kwenye ukuta wa ghala, mpaka mwenye ghala akalalamika kwa shemeji yake.

Mwalimu alimwambia aisahau rede. Alimwambia hivyo kwa upole, kwa ukali, na mara moja kwa Kispanyola. Miaka tisa Msabah alijaribu kusahau, na sijui nani aliwahi kusahau kitu kwa kujaribu.

Aliyemtoa kwenye shimo hilo hakuwa mwalimu. Alikuwa Ridhwan, muuza samaki wa soko la Malindi, mtu mnene mwenye magoti mabovu ambaye aliingia timu kama mdakaji kwa sababu hakuweza kukimbia. Walikuwa wamekaa wanakunywa kahawa na kashata siku moja baada ya Msabah kutolewa tena, na Ridhwan akamuuliza, bila ya kumlaumu, anachokiona anapoinua mkono.

“Namuona mtu,” alisema Msabah.

“Mtu gani?”

“Alosimama mbele yangu.”

“Na mie nlochutama hapo nyuma si mtu? Magoti yanniuma, jasho lantoka, hunioni?” Ridhwan aliweka kikombe chini. “Sikiliza. Kati nipo mie. Huyo mwenye gongo anapita njia tu. Nipige mie.”

Ilikuwa ni jambo la kipuuzi, na lilifanya kazi. Jumapili iliyofuata Msabah alimtazama Ridhwan kifuani kama alivyowatazama wasichana wa Uroa, akauachia mpira umuumize, na Ridhwan akaudaka kwa glavu yake huku akitukana kwa furaha. Mpigaji alibaki na gongo lake akiuliza nini kimepita. Mwaka ule Msabah aliwapiga watu watatu tu, na wote watatu alikwenda kuwaomba radhi.

Ungedhani sasa kiu yake itakatika. Lakini ukubwa una hila zake. Alikuwa na miaka thelathini na moja aliposhika shabaha, na mwaka uleule bega likaanza. Mwanzo lilikuwa uchovu, kisha kijimsumari, kisha asubuhi nyengine hawezi kuinua mkono kuchana nywele. Sasa hatolewi kwa kupiga watu. Anatolewa kwa huruma. Kipindi cha tano Mwalimu anakuja na kiganja chake na maneno matamu, kwamba ahsante, umefanya kazi kubwa, kapumzike. Msabah aliyachukia maneno yale matamu kuliko kicheko cha zamani.

Wanu alimkanda kila Jumatatu, naye akimkanda anamsema. Alimwambia ana mke na watoto wanaohitaji mkono huo uwapandishie ndoo, na kwamba Mungu hatamuuliza siku ya kiama alimaliza michezo mingapi. Msabah alijibu kuwa anajua. Daktari alimwambia aache. Akamjibu pia kuwa anajua. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, alisema. Wanu akamjibu kuwa mhunzi akivunja koleo hununua jengine, sasa yeye bega atalinunua duka gani. Lakini aliendelea kumkanda, na alikanda kwa nguvu, kwa sababu alimjua ndugu yake.

Akiwa na miaka thelathini na saba, Msabah alikwenda kwa Mwalimu akamwambia mashindano yajayo ya Dar ndiyo yake ya mwisho. Hakuomba kitu. Mwalimu alielewa kisichoombwa, akavua miwani akaifuta, akasema ataona.

Nusu fainali Unguja ilifungwa, na Msabah hakucheza. Ukabaki mchezo wa kutafuta mshindi wa tatu, dhidi ya timu moja ya bara, asubuhi ya Jumapili, watazamaji wachache na mbuzi wawili. Huo ndio Mwalimu aliompa. Aliusema kama mtu anayekionea haya anachokitoa, lakini Msabah aliupokea kwa mikono miwili. Mchezo ni vipindi saba, katika kila kimoja timu hupiga kwa zamu, Unguja kwanza, mpaka watu watatu watoke; ukiisha sare unaongezwa. Mrushaji wa akiba alikuwa Hamad, mwenye mkono mpya na wenye nguvu, na Mwalimu alimtaka awe tayari wakati wowote.

Vipindi vitatu vya mwanzo Msabah alirusha kama aliyekuwa na haraka ya kuwahi boti. Cha nne bega likaanza kusema. Cha tano bara wakafunga pointi moja. Lakini Unguja walikuwa nazo mbili, na Msabah akalitazama benchi lao kwa jicho kali hata Mwalimu, aliyekuwa ameshainuka, akakaa tena. Cha sita alikimaliza akiuma meno. Kila akirudi kukaa Ridhwan alimwekea barafu.

Ikafika cha saba, mbili kwa moja, bara wanapiga. Wawili wakatoka. Amebaki mmoja tu mchezo uishe. Hapo mkono ukachoka kweli: mmoja akapiga akafika besi ya kwanza, wa pili akapewa ya bure kwa mipira iliyokwenda kombo, wa tatu vilevile. Besi zote tatu zikajaa. Aliyeingia na gongo aliitwa Festo, mrefu, mwenye mikono kama makasia, na Hamad pembeni ameshavua jaketi.

Msabah alimtazama Ridhwan. Akavuta pumzi, akarusha. Mpira ulikwenda ndani mno, ukimfuata Festo, naye akajikunja na gongo lake. Ukasikika mgoto, mpira ukaangukia chini mbele ya kibao cha nyumbani. Ridhwan aliunyakua, akakikanyaga kibao kabla aliye ya tatu hajafika, na mwamuzi akapiga ngumi hewani: ametoka, mchezo umekwisha. Alikuwa ameona kwamba mpira umegonga gongo. Ukigonga gongo uko hai, na Ridhwan ameumaliza. Ukimgusa mtu umekufa. Mtu anapewa besi, na kwa kuwa besi zimejaa, aliye ya tatu anasukumwa nyumbani, mbili kwa mbili.

Festo alishika kiko cha mkono akimwambia mwamuzi kuwa umemgusa. Mwamuzi akatikisa kichwa, ameshaamua. Watu wa Unguja walikuwa wameshaingia uwanjani, wanakumbatiana, Hamad amemrukia Ridhwan mgongoni, na mtu mmoja anampiga Msabah makofi kwenye bega lilelile bovu.

Alikuwa amemaliza. Miaka kumi na mitano, na hiki hapa. Alikitaka mno kiasi kwamba kwa muda alisimama pale na kukikubali. Lakini alikuwa ameisikia ile sauti. Gongo ni mti, na mti hulia. Alichokisikia yeye ni nguo.

Alishuka kichuguuni, akapita katikati ya wenzake, akafika kwa mwamuzi.

“Umemgusa,” alisema. “Mkono wa shati. Haukufika kwenye gongo.”

Mwamuzi alimtazama kama mtu anayedhani amesikia vibaya. Akamuuliza kama yeye si ndiye mrushaji. Msabah akasema naam, ndiye aliyerusha, ndiyo maana anajua. Mwamuzi akamuita mwenzake wa pili, wakanong'ona, kisha akanyoosha mkono kumwonesha Festo besi ya kwanza. Aliyekuwa ya tatu akaja nyumbani akitembea. Mbili kwa mbili.

Sitayaandika aliyoambiwa Msabah na wenzake katika dakika ile. Walikuwa wameshaiona medali ya shaba shingoni, na mtu aliyeiona medali hana adabu. Ridhwan alimpa kisogo akarudi mahali pake, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Na kupitia kelele zile zote, Mwalimu Abdulwahid alikuwa anakuja, amejipangusa suruali, kiganja mbele.

“Nipe mpira, Msabah.”

Msabah hakuutoa. Aliushika kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukining'inia kando.

“Mwalimu, nlomgusa ni mie. Niache nimalize mie.”

“Mkono huo haupo. Nauona.”

“Mkono haupo, kweli. Mie nipo.”

Mwalimu alimtazama Hamad, akautazama mpira, kisha akateremsha kiganja.

“Hata mie nlisikia,” alisema kwa sauti ya chini. “Nliomba usiseme.” Akageuka, akasema neno la Kispanyola ambalo hakuna aliyelielewa, na kwa sura yake halikuwa la kuombea dua, akarudi kukaa.

Mpigaji aliyefuata alipaisha mpira juu, ukadakwa, kipindi cha saba kikaisha. Wakaingia cha nane. Msabah hakuweza tena kurusha kwa nguvu, akawa anarusha kwa akili: pole, chini, pembeni, mpira unafika umechoka kama yeye, na wapigaji wenye nguvu wanapiga hewa kabla haujafika. Cha nane hakuna aliyefunga. Kila baada ya mpira mmoja alikuwa akishuka nyuma ya kichuguu, anautundika mkono kwenye mkanda wa suruali uupumzike, kisha anaurudisha kazini. Watu wa bara waliacha kumzomea. Walikuja kusogea karibu na waya, wakatazama.

Cha tisa Unguja hawakupata kitu. Bara wakapata mtu wa besi ya pili, wawili wametoka, na akaja mpigaji mmoja mfupi asiye na sifa yoyote. Msabah alirusha mpira mzuri. Nalisema hili kwa sababu yeye mwenyewe hulisisitiza: ulikuwa mzuri, chini kabisa, mahali alipoutaka Ridhwan. Yule mfupi akaupata. Ukapita juu ya wote, ukaanguka kwenye majani, na aliyekuwa ya pili akafika nyumbani hata mpira haujaokotwa. Tatu kwa mbili. Medali ikaenda kwa wenyewe.

Msabah alibaki juu ya kichuguu. Wachezaji wa bara walikuwa wanarukaruka, na yeye alikuwa anatazama benchi la Unguja, anangojea mtu ainuke, kwa mazoea. Hakuna aliyeinuka, kwa sababu hapakuwa na kilichobaki cha kuja kuchukuliwa.

Aliyekuja alikuwa Ridhwan, kinyago cha udakaji kimepandishwa kichwani, uso umevimba kwa jua. Aliliokota begi la Msabah akalitia begani mwake pamoja na lake.

“Nna hasira na weye mpaka Malindi,” alisema. “Tukifika Malindi zitakwisha. Twende.”

Jioni, kwenye nyumba ya wageni, Wanu alipiga simu. Msabah aliishika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa juu ya mto, umevimba, hauna habari na mtu. Alishajitayarisha kueleza kuwa wamefungwa, na kwa nini, na kwamba wenzake wengine hawajamsemesha tangu mchana. Dada yake hakuuliza nani kashinda.

“Wamekutoa kipindi cha ngapi?” aliuliza Wanu.

Msabah aliinuka akakaa kitako.

“Hawakunitoa, da Wanu.”

Akamsikia dada yake akipiga kigelegele, peke yake, mwanamke wa miaka arobaini na nne, ndani ya nyumba ya Malindi, na watu wa nyumba wakimuuliza nani kaolewa.